Nani Hulipa Shehena Isipokuja? Kamati za Bunge na Mikataba ya Bandari za Mombasa na Dar es Salaam

Mnamo Disemba 2018, barua ya aina ambayo kwa kawaida husomwa na wahasibu kisha ikafungiwa kabatini ilivuja na kuwafikia Wakenya wote. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iliyoongozwa wakati huo na Edward Ouko, ilikuwa imekagua vitabu vya Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA) vya mwaka wa fedha uliomalizika Juni 30, 2018. Iliwatahadharisha wasimamizi kwamba mapato ya bandari yanaweza kutumika kulipa deni la SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa Benki ya Exim ya China, endapo kiwango cha shehena kilichoahidiwa reli hiyo hakitafikiwa. Iliongeza kwamba mali ya bandari iko hatarini kwa sababu serikali ilikubali kuiondoa kinga yake ya kidola katika mkataba, yaani haki ya dola kutoshtakiwa wala mali yake kukamatwa. Haukupita muda, vijiwe vya Mombasa vikawa na swali moja, kama bandari ya Kilindini imewekwa rehani, na mwaka haukwisha kabla Rais Uhuru Kenyatta hajajitokeza kukanusha.

Swali la rehani lilikuwa la kutisha na jepesi kubeba, ndiyo maana lilienea. Chini yake palikuwa na swali la kihasibu ambalo halikupata wa kulipigia kelele: shehena ikikosekana, nani atalipa, kutoka mfuko upi, na ni nani Bungeni aliyepata nafasi ya kuuliza hivyo kabla ya wino wa saini kukauka? Tukilifuata swali hili hadi mwisho tunaona jambo ambalo mijadala ya bandari huliruka. Kamati za Bunge huyatupa macho kwenye karatasi yenye jina kubwa, yaani mkopo wa taifa au mkataba wa nchi na nchi, ilhali mzigo wenyewe mara nyingi hukaa kwenye karatasi ndogo iliyotiwa saini na mashirika ambayo mwananchi hayafikirii kabisa.

Kontena moja, saa nyingi

Ugumu wa kuikagua bandari unaanza na safari ya kontena lenyewe. Meli ikishafunga gatini Kilindini, kazi ya kuteremsha ni ya KPA. Kabla mwagizaji hajaligusa kontena lake, wakala wake wa forodha anahitaji idhini ya kutoa mzigo kutoka kwa kampuni ya meli, ambayo ina ada zake, na ambayo itamtoza kwa kila siku ya ziada iwapo kontena litachelewa kurudishwa likiwa tupu. Ushuru na ukadiriaji wa thamani ni kazi ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Ubora ni wa shirika la viwango, KEBS, mbegu na nafaka ni za wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, na vyakula hupita pia mikononi mwa maofisa wa afya wa bandarini. Nyaraka zenyewe huzunguka katika mfumo wa kielektroniki wa dirisha moja unaosimamiwa na KenTrade. Kontena likitoka langoni juu ya lori, linakutana na mizani ya Mariakani, ambayo iko chini ya mamlaka ya barabara kuu. Likipanda treni, ni la Shirika la Reli hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, ambako linarudi tena mikononi mwa KPA. Na kama ni la Kampala, Kigali au Juba, mipaka na taratibu nyingine zinalisubiri mbele.

Kila mmoja wa hao ana saa yake. Mwagizaji akilalamika kwamba mzigo wake umekaa siku tisa, bandari itasema iliuteremsha siku ya kwanza, forodha itasema iliukagua saa chache baada ya kupokea nyaraka, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa kuwa zile siku zilizobaki zilipotea katika mianya iliyo kati ya ofisi moja na nyingine, na mianya haina mkurugenzi wa kuitwa mbele ya kamati. Mwaka 2014 taasisi za bandari na za Ushoroba wa Kaskazini, njia ya mizigo kutoka Mombasa hadi nchi za bara, zilitia saini mkataba wa pamoja, maarufu kama chata, ambamo kila moja ilijiwekea malengo ya muda, na taarifa za kupima malengo hayo hutolewa na uangalizi wa usafirishaji ulio chini ya mamlaka ya uratibu wa ushoroba huo, ambayo makao yake yapo Mombasa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nyaraka muhimu kuliko zote kwa mbunge anayetaka kuuelewa mnyororo mzima. Wanaoitumia zaidi ni watafiti na wasafirishaji.

Upo pia mtego wa kihesabu ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mzigo ukizidisha siku za bure ndani ya bandari, hutozwa ada ya kuhifadhiwa, na ada hiyo huingia kwenye vitabu kama mapato. Maana yake ni kwamba msongamano, ambao ni hasara kwa mwagizaji, kwa mwenye duka la Nakuru na kwa mnunuzi wa mwisho wa sabuni na mchele, unaweza kuonekana kama mwaka mzuri katika hesabu za shirika. Kamati inayoangalia faida na hasara peke yake inaweza kuishia kulipongeza shirika kwa sababu ileile iliyofaa kulihojia.

Nani anaitwa, na anaitwa na nani

Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kamati makali ya kutosha. Kifungu cha 125 kinaziruhusu kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au taarifa, na kinazipa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi wafike na kudai nyaraka. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu akamilishe ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge lizijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu tangu lizipokee. Kanuni za Bunge la Kitaifa zinaongeza kwamba ripoti ya kamati ikishapitishwa, waziri husika ana siku 60 za kueleza utekelezaji wake.

Shida ni kwamba makali hayo yamegawanywa kwa wengi. Hesabu za KPA na za Shirika la Reli huchunguzwa na Kamati ya Uwekezaji wa Umma, ambayo wengi huiita PIC. Sera ya uchukuzi ni ya Kamati ya Uchukuzi. Fedha za wizara na za Hazina ya Kitaifa huenda kwa Kamati ya Hesabu za Umma, yaani PAC. Ushuru na tozo ni za Kamati ya Fedha. Athari kwa kaunti, kama vile kupungua kwa kazi za maghala na malori Mombasa, ni hoja ya Seneti. Katika Bunge la 13 lililoanza mwaka 2022, PIC iligawanywa katika kamati tatu na ikaundwa kamati maalum ya deni la umma na ubinafsishaji. Mgawanyo huo unapunguza mrundikano wa kazi. Hata hivyo, deni la reli linalolipwa kwa mapato yanayotoka bandarini linagusa karibu kamati hizo zote, na hakuna hata moja inayoweza kudai kwamba ni lake lote.

Muda nao una mchezo wake. Kamati ikikaa kusoma hoja za ukaguzi, mara nyingi inasoma habari za miaka kadhaa iliyopita, na aliyekalia kiti wakati ule hayupo tena. Katika KPA, Catherine Mturi-Wairi aliondoka katika ukurugenzi mkuu mwaka 2018, Daniel Manduku aliyemfuata akajiuzulu Machi 2020, kisha wakaja wa kukaimu. Anayeitwa hujibu kwa niaba ya waliotangulia, na jibu la kawaida katika hali hiyo ni kwamba kumbukumbu zinatafutwa. Kikao kinaahirishwa. Ndiyo maana wabunge wazoefu huwaweka maofisa wa Mkaguzi Mkuu wakae nao chumba kimoja: shahidi akisema karatasi haipo, kuna mtu anayeweza kueleza aliiona wapi na lini.

Hesabu ya matatu

Turudi kwenye reli. Mei 2014 Kenya ilitia saini mikopo miwili ya Benki ya Exim ya China, jumla yake ikiwa takriban dola bilioni 3.2, kwa ajili ya kujenga SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Sehemu ya fedha za ndani ilitoka katika tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, kwa hiyo kila aliyenunua gari lililotumika au kitenge alikwisha kuichangia reli kabla hajaipanda. Mkopaji alikuwa serikali yenyewe, nayo ikalikopesha Shirika la Reli. Mpaka hapo mambo yalikuwa ya kawaida, na hapo ndipo wabunge walipoelekeza nguvu nyingi mwaka huohuo wa 2014, wakichunguza namna kampuni ya China Road and Bridge ilivyopewa kazi bila zabuni ya ushindani. Hoja hiyo ilikuwa nzito na ilifika mbali: Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sheria ya ununuzi haikufuatwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

Wakati macho yote yako kwenye zabuni, Septemba 2014 KPA na Shirika la Reli walitia saini makubaliano ya pembeni. Kwa lugha ya biashara huitwa mkataba wa chukua au ulipe. Mswahili aliyewahi kuendesha matatu au daladala hahitaji kufafanuliwa: dereva hupewa gari, na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, abiria wawepo wasiwepo. Siku ya mvua na barabara tupu, hesabu iko palepale, na pengo hutoka mfukoni mwa dereva. Katika makubaliano haya KPA ndiyo ilikuwa dereva. Iliahidi kuipatia reli kiwango fulani cha shehena, na pengo likitokea, kulijaza ni juu yake. Fedha zinazopatikana hupitia akaunti maalum iliyotengwa kwa ajili ya kulipa deni.

Tofauti ya dereva na KPA ndiyo kiini cha mkasa huu. Dereva anaweza kuwaita abiria, kubadilisha njia, hata kupunguza nauli. KPA haina mzigo wake yenyewe. Shehena ni mali ya waagizaji, na mwagizaji ndiye mwenye haki ya kuamua kama mzigo wake utapanda lori au treni. Shirika liliahidi kitu cha watu wengine. Ukilielewa hilo, agizo la Agosti 2019 halikushangazi tena: KPA na KRA zilitangaza kwamba mizigo yote iendayo Nairobi na bara isafirishwe kwa SGR. Madereva, wenye malori, wenye maghala na vibarua wa Mombasa waliandamana, wakaenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, miongoni mwa sababu zake ikiwa kukosekana kwa ushirikishwaji wa umma. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa.

Kwa hiyo saini iliyowekwa kimya mwaka 2014 ilizaa agizo la 2019, agizo likazaa kesi, na kesi ikamalizwa na tangazo la kisiasa. Mtu ajiulize kamati zilikuwa wapi katika mlolongo huo. Hazikulala. PIC ilishughulikia suala la KPA na deni la reli, na Septemba 2020 Kamati ya Uchukuzi ilipendekeza masharti ya mkopo yajadiliwe upya na gharama za kuiendesha reli zipunguzwe kwa nusu. Lakini hayo yote yalifanyika baada ya reli kukamilika, treni za mizigo zikiwa zimeanza kazi tangu mapema mwaka 2018. Kamati ilikuwa inajadili bei ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa.

Rehani, udhamini na pengo

Inafaa sasa kutenganisha maneno matatu ambayo katika mjadala ule yalichanganywa kama pilau, kwa sababu mkanganyiko huo uliwasaidia wote waliopenda swali lisijibiwe.

Rehani ni mali inayotajwa katika mkataba kuwa mkopeshaji anaweza kuichukua akikosa kulipwa, kama shamba linalowekwa benki. Mdhamini ni mtu au shirika linaloahidi kulipa deni endapo mkopaji atashindwa. Mjaza pengo ni yule aliyeahidi kiwango fulani cha biashara, na ambaye atalipa tofauti ikiwa biashara hiyo haikufika. Hazina ya Kitaifa ilishikilia kwamba bandari haikuwekwa rehani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na Deborah Brautigam, nao walifikia hitimisho kwamba bandari ya Mombasa haikuwa rehani ya mkopo huo, na wakaeleza kwamba kuondoa kinga ya kidola ni kifungu cha kawaida katika mikopo ya kibiashara ya kimataifa: kinamruhusu mkopeshaji kuishtaki serikali au kutekeleza tuzo ya usuluhishi, bila kumpa gati wala winchi.

Naona hoja yao ina nguvu. Lakini jibu hilo, ambalo viongozi walilipokea kwa furaha, lilifunga swali lisilo sahihi. Bandari inaweza kubaki ya Kenya kwa kila inchi yake, bendera ikipepea pale Kilindini, na bado ikawa inalipa pengo la reli mwaka baada ya mwaka kwa fedha ambazo zingenunua mashine za kuteremshia makontena au kugharamia kuchimba kina. Kwa kamati ya Bunge, hiyo ndiyo hatari halisi: jinsi fedha zinavyotiririka. Mali kubaki mikononi mwa nchi hakujibu hilo. Udhamini wa serikali una sheria zake, na kifungu cha 213 cha Katiba kinataka masharti yake yawekwe na sheria ya Bunge. Ahadi ya kujaza pengo kati ya mashirika mawili ya umma haiitwi udhamini, kwa hiyo inaweza kupita bila kugonga mlango huo, ingawa matokeo yake kwenye mfuko yanafanana mno na udhamini.

Palikuwepo pia kufuli ya usiri. Novemba 2022, waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, alichapisha mikataba ya mikopo ya SGR, na wananchi wakajionea kwamba mkopaji alitakiwa kuyaweka masharti yake kuwa siri, na kwamba migogoro itaamuliwa kwa usuluhishi mjini Beijing. Kifungu cha usiri kinamfunga mkopaji kwa mkopeshaji. Hakiwezi kuifunga Katiba. Kifungu cha 211 kinasema kwamba Bunge likidai kwa azimio taarifa za mkopo wowote, waziri wa fedha ana siku saba za kuziwasilisha mbele ya kamati husika: kiasi cha deni na riba iliyolimbikizwa, fedha zilivyotumika, namna lilivyopangiwa kulipwa na malipo yamefika wapi. Siku saba tu, na tangu kusainiwa hadi kuchapishwa ilipita zaidi ya miaka minane. Kamati iliyokuwa ikiwasihi maofisa walete nakala ilikuwa na silaha nzito kuliko kusihi, ingawa ni silaha inayohitaji azimio la Bunge la Kitaifa au la Seneti, si la kamati peke yake, na kupata azimio ni kazi ya kutafuta kura, ambayo chama kinachotawala huwa na hesabu zake.

Dar es Salaam: mkataba uliofika mezani mapema

Mtu anaweza kusema kwamba tiba ya yote haya ni Bunge kuuona mkataba kabla haujaanza kufanya kazi. Tanzania ilijaribu njia hiyo, na matokeo yake yanafundisha zaidi ya yale ya Mombasa.

Bandari ya Dar es Salaam ina historia ndefu ya mikataba inayofika Bungeni ikiwa imechelewa. Gati za makontena zilikodishwa kwa kampuni ya TICTS mwaka 2000 kwa miaka kumi, na mwaka 2005, muda huo ukiwa haujaisha, mkataba ukaongezwa hadi kufikia miaka 25, jambo lililowakera wabunge na kuwa kelele ya miaka. Kampuni hiyo ilikabidhi gati mwishoni mwa 2022. Kabla ya hapo, Oktoba 25, 2022, Tanzania na Serikali ya Dubai zilitia saini makubaliano ya ushirikiano katika bandari. Kwa kuwa yalikuwa makubaliano ya kiserikali, yaligusa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, inayolipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Safari hii, basi, kamati iliiona karatasi kabla gati halijakabidhiwa.

Wadau waliitwa Dodoma kutoa maoni Juni 6, 2023, na notisi ikawa fupi kiasi kwamba wengi walioishi mbali hawakuweza hata kupanga safari. Juni 10 Bunge likaridhia. Baada ya hapo nchi nzima ikageuka darasa la sheria: maaskofu, mawakili, wanasiasa na wauza magazeti walikuwa wakitaja ibara za makubaliano kwa namba. Ibara ya 23 ndiyo iliyovuta macho zaidi, kwa sababu haikutaja miaka, na iliwazuia wahusika kujitoa hata pale ambapo upande mmoja umekiuka masharti kwa kiwango kikubwa. Shauri lililofunguliwa Mahakama Kuu kanda ya Mbeya lilitupiliwa mbali Agosti 10, 2023.

Kisha, Oktoba 22, 2023, ikulu ya Chamwino, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, wakatia saini mikataba ya utekelezaji. Humo ndimo yalimokuwemo mambo ambayo watu walikuwa wakiyadai tangu Juni: ukomo wa miaka 30, gati namba 4 hadi 7, uwekezaji wa dola milioni 250 katika miaka mitano ya mwanzo, na utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano. Serikali ilikuwa na haki ya kusema kwamba hofu nyingi zilijibiwa. Ila tazama mpangilio wake. Bunge liliridhia mwavuli mwezi Juni, na mvua yenyewe, yaani muda, fedha, viwango na adhabu, ikapangwa Oktoba kati ya mamlaka ya umma na kampuni, katika karatasi ambazo ibara ya 63(3)(e) haizigusi kwa sababu si mikataba ya nchi na nchi. Ni kisa kilekile cha Mombasa kilichovaa kanzu nyingine.

Mei 2024 kikaja kisa cha tatu, kimya zaidi. Kampuni ya bandari ya kundi la Adani la India ilitangaza kutia saini na TPA mkataba wa miaka 30 wa kuendesha kitengo cha pili cha makontena, na kununua asilimia 95 ya hisa za TICTS kwa dola milioni 39.5, kwa ubia na AD Ports ya Abu Dhabi na mwekezaji mwingine. Mkataba huu ni mkubwa, na muda wake ni uleule wa ule wa DP World. Zile kelele za 2023 hazikusikika. Sikatai kwamba watu walikuwa wamechoka, lakini nadhani sababu kubwa ni kwamba hapakuwa na tukio la Bungeni la kuwakusanya wasikilizaji, wala karatasi ya kiserikali ya kusambazwa kwenye simu.

Karatasi za kuombwa

Katika mfumo wa Tanzania, mikataba ya namna hii inabaki kuwa chini ya macho ya kamati, ila kwa mlango wa nyuma. Kamati ya Miundombinu inaangalia wizara, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma inaangalia TPA kama uwekezaji wa serikali, na PAC, ambayo kwa utaratibu mwenyekiti wake hutoka upinzani, inasubiri ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG), ambayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika Bungeni ndani ya siku saba za kikao kinachofuata. Wajumbe wanaweza kumwita ofisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, na kudai nyaraka. Wanachohitaji ni kujua majina ya nyaraka hizo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa kuwa mjumbe akiomba “mkataba” ataletewa mmoja, ule unaojulikana, na shahidi atakuwa hajasema uongo.

Ombi lenye maana huitaja familia nzima ya karatasi: mkataba mkuu, mkataba wa ukodishaji wa eneo, mkataba wa uendeshaji, viambatisho vya viwango vya huduma, jedwali la tozo na namna zinavyoweza kupandishwa, na barua yoyote ya pembeni inayoahidi kiwango cha mzigo au inayozuia gati jingine lisishindane. Kwa Mombasa, karatasi ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito wote. Ukweli ni kwamba mjumbe mmoja mwenye msaidizi mmoja hawezi kuyasoma hayo katika wiki ya vikao, na makatibu wa kamati hawawezi kuwa wataalamu wa bandari Jumatatu, wa umeme Jumanne na wa korosho Jumatano. Mwekezaji huja na mawakili waliobobea. Kamati huja na kalamu.

Kuna tarehe moja inayofaa kuwekwa kwenye kalenda. DP World ilianza shughuli zake Dar es Salaam mwaka 2024, na tathmini ya kwanza ya miaka mitano, ihesabiwe tangu saini au tangu kazi ilipoanza, itaangukia katika kipindi cha Bunge lililochaguliwa Oktoba 2025. Siku hiyo kamati itaelezwa kwamba meli zinasubiri siku chache nangani, kwamba makontena yameongezeka na kwamba mapato ya forodha yamepanda. Kupima kama hayo ni matunda ya mkataba, au ya kina kilichochimbwa kwa fedha za umma kabla mwekezaji hajafika, au ya biashara ya shaba ya Kongo na Zambia iliyokuwa ikikua yenyewe, kunahitaji takwimu za mwanzo, kituo kwa kituo, kuanzia nangani hadi mizani ya malori ya Vigwaza. Takwimu hizo kamati inaweza kuzidai leo kwa barua ya ukurasa mmoja, wakati waliozikusanya bado wapo ofisini.